Mashine za presha za Kariakoo: lipia mkanda, si skrini

Mashine ya presha ya nyumbani ina mambo matatu yanayoamua kama namba unazosoma ni za kweli: kihisi cha shinikizo kilicho ndani, mkanda unaofungwa mkononi, na programu inayopiga hesabu. Katika mashine zinazouzwa Kariakoo na kwenye famasi za Posta na Upanga, jijini Dar es Salaam, kihisi hakitofautiani sana kati ya ile ya makumi ya maelfu ya shilingi na ile inayopita laki moja. Mkanda na programu hutofautiana mno. Ajabu ni kwamba muuzaji hayagusi hayo mawili. Atakuonyesha skrini pana, taa za rangi, sauti ya kike inayotangaza majibu, na Bluetooth.

Tuanze na kihisi, kwa sababu ndicho kinachowatia watu wasiwasi. Wengi hudhani kitu cha elektroniki cha bei ndogo hakiwezi kushindana na kipimo cha zebaki. Kihisi chenyewe ni kipande cha silikoni chenye upana wa milimita mbili hivi. Katikati yake silikoni imeliwa kwa kemikali kutoka upande wa nyuma mpaka ikabaki utando mwembamba, kwa kawaida wa maikroni 10 hadi 30, wakati unywele wa binadamu una maikroni 70 hivi. Huo ndio kiwambo. Hewa ya mkanda ikikisukuma, kinabonyea kama ngozi ya ngoma, kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kwenye kingo zake, ndani ya silikoni ileile, kuna vikinzani vinne (vipande vinavyozuia umeme kupita) vilivyounganishwa kwa mtindo wa daraja la Wheatstone: kiwambo kikibonyea, viwili huongeza ukinzani na viwili hupunguza, na tofauti hiyo hutoka kama umeme. Tabia hiyo ya silikoni kubadili ukinzani inapokazwa ilielezwa na Charles Smith mwaka 1954, na kihisi cha presha ni kati ya vifaa vya kwanza vya mekanika ndogo (mashine ndogo mno zinazochongwa kwenye silikoni) kuingia hospitalini.

Kihisi cha kawaida cha mashine hizi hupima kuanzia sifuri hadi kilopaskali 40, yaani milimita 300 za zebaki, kipimo ambacho namba za presha husomwa kwacho. Kikilishwa volti 5, hutoa milivolti 50 hadi 100 tu shinikizo linapofika kileleni. Ukigawanya, kila milimita moja ya zebaki ni kama robo ya milivolti. Ni umeme mdogo sana, na tutaurudia tukifika kwenye unyevu wa Dar es Salaam.

Ubora wa kiwambo hiki uko kwenye fuwele. Silikoni katika joto la kawaida haipindi ikabaki imepinda. Inarudi palepale ilipokuwa, au inavunjika. Ndiyo maana kihisi hakichoki kwa kupima mara elfu. Linganisha na kile kipimo cha mshale kinachobanwa kwenye mkanda na kupimwa kwa stetoskopu: ndani yake kuna mvukuto wa chuma na vigurudumu vya meno, na kikianguka sakafuni mara moja tu mshale unaweza kuhama bila mtu kugundua. Kile kinahitaji kukaguliwa kila miezi sita, na ni nadra kukaguliwa. Zebaki nayo inaondoka sokoni: Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipimo vya presha vya zebaki. Na kwa anayedhani silikoni ni ya mashine za nyumbani tu, ndugu wa kihisi hiki ndiye anayetumika ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), kwenye mrija ulioingizwa ndani ya mshipa wa ateri. Huko hutumiwa kwa mgonjwa mmoja kisha hutupwa, na hutoa maikrovolti 5 kwa kila volti kwa kila milimita ya zebaki, kiwango kilichokubaliwa ili kihisi cha kampuni moja kifanye kazi na monita ya kampuni nyingine. Basi, kiwambo hakina kosa. Ugomvi uko kwingine.

Mashine ya elektroniki haisikilizi mapigo kama nesi anavyofanya. Hujaza mkanda hadi kupita presha yako ya juu (namba kubwa kati ya mbili unazosomewa) kwa milimita 30 hivi, kisha huachia hewa polepole, milimita 2 hadi 4 kwa sekunde (baadhi ya modeli hupima zikiwa bado zinajaza). Kila moyo unapopiga, mshipa hutikisa hewa ya mkanda kwa milimita moja hadi tatu hivi. Kihisi hukamata mitikisiko hiyo midogo juu ya shinikizo kubwa linaloshuka. Mtikisiko ukifika kilele, hapo ndipo wastani wa presha ya mshipa ulipo. Hiyo ndiyo namba pekee ambayo mashine inaipima moja kwa moja. Presha ya juu na ya chini hukokotolewa: kwa kawaida programu hutafuta pale mtikisiko ulipokuwa karibu nusu ya kilele kwa upande wa juu, na karibu robo tatu ya kilele kwa upande wa chini. Uwiano halisi kila kampuni huuficha.

Kwa hiyo mashine mbili zenye kihisi kilekile zinaweza kumpa mtu mmoja, mkono mmoja, namba zinazopishana kwa 15, kwa sababu tu hesabu zao hazifanani. Njia ya kujua hesabu ya nani inaaminika ni uhakiki kwa watu. Kiwango kinachotumika ni ISO 81060-2: watu wasiopungua 85, wenye mikono ya ukubwa tofauti na presha za aina mbalimbali, hupimwa na mashine huku wataalamu wawili wakisikiliza kwa stetoskopu. Wastani wa tofauti hautakiwi kuzidi milimita 5, na mtawanyiko (jinsi tofauti zinavyosambaa kuzunguka wastani huo) usizidi 8. Modeli zilizofaulu huorodheshwa bila malipo kwenye tovuti ya STRIDE BP. Tafuta namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine, si jina la kampuni peke yake, maana kampuni moja huwa na modeli zilizohakikiwa na nyingine ambazo hazijahakikiwa. Maneno "clinically proven" kwenye boksi hayana uzito wowote. Alama ya CE, ya soko la Ulaya, nayo haitoshi. Pia angalia kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Muuzaji mwenye mzigo halali hakasiriki ukimuuliza.

Sasa mkanda, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wa Dar wanapoibiwa usahihi wao.

Ndani ya kitambaa cha mkanda kuna mfuko wa hewa. Upana wa mfuko huo unatakiwa uwe kama asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu wake uzunguke angalau asilimia 80. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, shinikizo halifiki mpaka kwenye mshipa sawasawa. Lazima hewa iongezwe zaidi kuubana, na mashine hiyo ziada yote inakuandikia wewe kama presha. Utafiti wa Johns Hopkins uliochapishwa 2023 ulilipima jambo hili: waliohitaji mkanda mkubwa wakafungwa wa kawaida, presha ya juu ilipanda kwa 4.8, waliohitaji mkubwa kabisa wakafungwa wa kawaida, ilipanda kwa 19.5. Hiyo ya pili inatosha kumtoa mtu kwenye 125 na kumpeleka 145, akaanza dawa za maisha. Na mkono mwembamba ukifungwa mkanda mpana, namba hushuka kwa 3.6, kwa hiyo mzee aliyekonda anaweza kuambiwa yuko salama.

Mashine nyingi za boksi la kawaida huja na mkanda wa sentimita 22 hadi 32. Omron HEM-7120, ambayo ni ya kawaida kwenye famasi, ina mkanda wa ukubwa huo. Kwa kijana mwembamba hauna tatizo. Kwa mama mwenye mkono wa sentimita 36 haufai hata kidogo, na hakuna cha Velcro kushika kwa nguvu kitakachobadilisha hilo. Omron huuza pia mkanda mgumu uliokwisha kupinda, Intelli Wrap, wa sentimita 22 hadi 42. Huo ndio tunaoupendekeza kwa nyumba yenye watu wa maumbo tofauti, na kama mashine unayoitaka inaupokea, ongeza hela uuchukue. Tahadhari moja: mkanda wa kampuni nyingine unaoingia kwenye tundu si lazima uwe sahihi. Programu ilipangiwa mfuko wa ujazo fulani. Ukibadilisha mfuko, umebadilisha na mitikisiko.

Kupima mkono ni kazi ya nusu dakika. Chukua futi ya fundi cherehani, mkono ukining'inia, tafuta katikati kati ya ncha ya bega na kiwiko, zungusha bila kubana. Andika sentimita hizo kwenye simu kabla ya kwenda dukani.

Ukifika dukani, usikubali kujaribishiwa umesimama kaunta huku unajibizana bei. Omba kiti. Nenda na betri zako nne za AA za alkali, maana zile za bure zilizomo kwenye boksi mara nyingi zimechoka, na pampu ikinyong'onyea utadhani mashine ni mbovu. Kisha fanya jaribio moja ambalo muuzaji halitarajii: funga mkanda kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyojaa na kifuniko kimekazwa (mzunguko wake ni sentimita 28 hivi, kwa hiyo mkanda utakaa), iweke mezani bila kuigusa, bonyeza START. Chupa haina mshipa. Mashine halali itajaza, itashusha, itakosa mitikisiko, itatoa alama ya kosa. Mashine ikiitangazia chupa presha ya 118 kwa 76, irudishe kwenye boksi uondoke. Zipo zinazofanya hivyo.

Baada ya hapo jipime mwenyewe mara tatu kwa kuachana dakika moja, umekaa, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, kiganja kikitazama juu mezani. Ya kwanza itupe. Ya pili na ya tatu zikipishana kwa zaidi ya 10 kwenye namba ya juu, rudia. Zikiendelea kuruka, chagua nyingine. Kama famasi ina nesi au mfamasia mwenye stetoskopu, mwombe akupime mkono uleule mara moja kabla na mara moja baada.

Kuhusu zile ndogo za kifundo cha mkono: hatuzipendekezi kwa matumizi ya kawaida, ingawa ni nyepesi na hazisumbui mtu mwenye nguo ya mikono mirefu. Tatizo ni urefu. Kila sentimita 10 ambazo kipimo kiko chini ya moyo huongeza karibu milimita 8 za zebaki, na mtu akipakata mkono mapajani namba hupanda zaidi ya hapo. Baadhi ya modeli za bei kubwa zina kihisi cha pili cha mekanika ndogo, kinachopima mwelekeo wa mkono na kukataa kuanza mpaka uuinue kufika kifuani. Hizo ndizo pekee za kufikiriwa, na ni kwa mtu ambaye mkono wake wa juu hauingii mkanda wowote. Saa za mkononi zinazodai kupima presha kwa mwanga mgongoni mwake na ambazo hazina mkanda wa hewa, tusipoteze nafasi.

Mjamzito ni suala lake. Ujauzito hubadilisha ulaini wa mishipa na maji ya mwilini, na kwenye presha ya mimba inayoelekea kifafa cha mimba, programu za kawaida huelekea kutoa namba ndogo kuliko ukweli. Hapo kosa ni la kuua. Kuna mashine iliyopangiwa kazi hiyo, CRADLE VSA, iliyobuniwa na watafiti wa King's College London na kutengenezwa na Microlife. Mkanda hujazwa kwa mkono, hivyo haina pampu ya kula umeme, na huchajiwa kwa waya wa kawaida wa simu ya zamani. Ina taa tatu. Njano huwaka presha ikifika 140 kwa 90, nyekundu ikifika 160 kwa 110. Taa hizohizo huwaka pia kama mapigo ni mengi ukilinganisha na presha ya juu, dalili ya mama anayepoteza damu. Imehakikiwa kwa wajawazito, pamoja na wenye presha ya mimba. Ni kifaa cha zahanati na wakunga zaidi kuliko cha nyumbani, lakini kama unanunulia kliniki ndogo Mbagala au Gongo la Mboto, agiza hii kabla ya mashine kubwa yenye skrini ya rangi.

Mwenye moyo unaopiga bila mpangilio naye asome kwa uangalifu. Mashine inategemea mitikisiko inayopanda na kushuka kwa utaratibu. Moyo ukiruka, kilele kinapotea. Apime mara tatu, achukue wastani, na alama ya moyo inayomemeta kwenye skrini aionyeshe kwa daktari badala ya kuipuuza.

Tukija kwenye uimara, hali ya hewa ya Dar ina ukali wake. Kihisi hupima tofauti kati ya hewa ya mkanda na hewa ya nje, kwa hiyo upande mmoja wa kiwambo una kitundu kilicho wazi. Hewa yenye chumvi na unyevu inaingia pale, na inatua pia kwenye miguu ya kihisi na bodi. Kumbuka robo ya milivolti: utando mwembamba wa unyevu wenye chumvi kati ya miguu miwili unatosha kuvujisha umeme wa kiasi hicho. Dalili yake ni mashine inayosoma vizuri mchana wa jua na kuruka-ruka asubuhi ya mvua. Itunze kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Usiiache kwenye dashibodi ya gari: nyingi zimeandikiwa kutumika kati ya nyuzi 10 na 40, na kuhifadhiwa chini ya 60, kiwango ambacho gari lililoegeshwa juani linakipita. Betri zikae nje kama hutumii kwa wiki kadhaa, zikivuja zinakula springi. Adapta si lazima; ukiitumia iwe ya modeli hiyohiyo, kwa sababu nyingi ni za volti 6 na ncha zenye chanya na hasi zikigeuzwa, bodi imekwenda.

Jambo moja dogo linasumbua wengi. Kila unapobonyeza START, mashine huchukua shinikizo la wakati ule kuwa sifuri. Ukibonyeza haraka baada ya kipimo cha kwanza, mkanda ukiwa bado una hewa ya milimita 5, modeli isiyojilinda itapunguza 5 kwenye majibu yote. Legeza mkanda, ukamue ulale, ndipo uanze tena.

Mashine inayokataa kumaliza au kutoa kosa mara kwa mara, tatizo kwa kawaida ni hewa inayovuja, na mpira ndio wa kushukiwa kwanza. Hupasuka pale unapoingia kwenye plagi. Kata sentimita moja, chomeka upya, imeisha. Ukitaka kuhakikisha, fundi ataunganisha kipimo cha shinikizo kwa kiungo cha T, atajaza mkanda uliofungwa kwenye chupa hadi 250 au hivi, valvu ikiwa imefungwa, ataacha hewa itulie kisha ahesabu: isipungue zaidi ya milimita 6 kwa dakika. Uvujaji ukizidi, hewa hushuka haraka kuliko moyo unavyopiga. Kwa mapigo 60 na mshuko wa milimita 3, kila pigo linakagua milimita 3. Mshuko ukiwa 8, kilele kinaweza kuangukia katikati ya mapigo mawili na programu ikabahatisha. Kwa kiungo hichohicho cha T hukaguliwa usahihi wa kihisi kwenye 0, 50, 100, 150, 200 na 250, na kosa lisipite milimita 3. Mafundi waliosomea vifaa tiba, kama wanaotoka DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), wanaifahamu kazi hii. Fundi simu hana kipimo cha kulinganishia.

Valvu iliyojaa poda ya mtoto au vumbi husafishwa. Pampu inayonguruma bila kujaza hubadilishwa, na ya mashine iliyokufa inafaa. Usikubali mtu apulizie tundu la mkanda kwa kompresa ya fundi pancha ili "kuzibua": upepo wa bar 6 ni milimita 4,500 za zebaki, wakati kihisi cha milimita 300 kwa kawaida huvumilia mara mbili au tatu ya hapo. Kiwambo hakitapinda kikakupa dalili. Kitapasuka, na skrini itaandika kosa kila ukiiwasha.

Kikishapasuka, kihisi kipya hununuliwa kwa bei ndogo na kuchomewa kwa dakika kumi. Ila bodi imehifadhi namba za urekebishaji za kile cha zamani, na viwambo viwili vya kiwanda kimoja havitoi milivolti sawa. Bila kurekebisha upya angalau kwenye sifuri na kwenye shinikizo moja la juu, mashine itawaka, itajaza, itasoma, na itakosea kila siku kwa kiasi kilekile. Fundi akikurudishia bila karatasi ya vipimo hivyo, usimlipe hela ya mwisho.